Uzi wa Buluu Ndani ya Mota

Gaspard wa Kasenga, mjini Uvira, alikuwa fundi wa kubobina. Ukiwa na mota iliyoungua, ya pampu, ya kinu, ya feni, unampelekea yeye. Anakata waya zilizoungua, anafunga mpya, mota inazunguka tena. Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na mitatu, na katika hiyo, arobaini aliifanya na mkewe, Consolée.

Watu wengi hawakujua. Bati lililo juu ya mlango lina jina moja tu, la Gaspard. Consolée walimwona ameketi nyuma kwenye kiti kifupi, wakadhani anamngoja bwana wake waende kula. Kumbe vidole vilikuwa vyake. Vya Gaspard ni vinene, vinafaa mota ya kinu. Waya mwembamba kama unywele humkimbia. Consolée ndiye aliyeushika, na ndiye aliyehesabu. Alikuwa binti wa kijiji cha Mutarule, na hata baada ya kuzeekea Kasenga alihesabu kwa Kirundi cha kwao, kwa sauti ya chini kama mtu anayesali: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Gaspard ni Mfuliiru wa Kiringye, na shule hakukanyaga. Yeye akikaribia sabini, hesabu inamponyoka. Consolée haikumponyoka. Kila akifika hamsini alichora mstari wa makaa ukutani, akaendelea.

Ukuta ule wa karakana ulijaa mistari yake kutoka chini hadi pale mkono wake ulipofika.

Alifariki mwezi wa pili, tumbo lilimuuma siku nne tu. Watoto walikuja kutoka Kalemie na Bukavu, wakalia, wakarudi.

Gaspard alitaka wakwe wakija kwenye kilio wakute nyumba safi. Alitafuta chokaa, akapaka kuta zote yeye mwenyewe, na ule wa karakana pia. Ilipokauka ndipo alipoona amefanya nini: hata mstari mmoja haukubaki. Alikaa chini na burashi mkononi.

Siku ya kuondoa kilio, watu wa Mutarule waligawana vitu vya dada yao, kama inavyotakiwa. Vitenge, viatu vya kanisani, sahani, kile kiti kifupi. Sabine, mdogo wa marehemu, alishika kitenge cha mwisho akasita.

"Shemeji, hiki tukuachie?"

Ukumbi wote ulikuwa unamtazama. Wazee wa Mutarule kule, wa Kiringye huku.

"Mwanaume atafanya nini na kitenge?" Gaspard alisema.

Wazee waliitikia kwa kichwa. Jibu la mwanaume. Sabine akakikunja akakitia katika mfuko wake pamoja na vingine. Tangu siku hiyo Gaspard aliligeuza neno lile kinywani mwake kila asubuhi, kama jino bovu. Sanduku la nguo la Consolée lilibaki chini ya kitanda, tupu.

Mwezi wa kumi, Émérance alishuka kwenye pikipiki mbele ya karakana, amepakata mashini ya kuvuta vumbi kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Émérance hufanya usafi katika nyumba ya wageni ya Mama Generose, kule Kimanga, upande wa ziwa. Vyumba sita vina mazulia chini, na vumbi la Uvira linajulikana. Mashini ile ni ya zamani. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia baba yake Mama Generose. Ni ya chuma, nzito, na Émérance huiita Muzee.

"Papa Gaspard, Muzee amelala."

"Amelala namna gani?"

"Alikohoa, akatoa moshi, akanyamaza. Minye nikaanza kulia kama mjinga, na wageni wanapita."

"Uliivutisha maji?"

"Papa! Miaka tisa niko naye. Minye naweza kumunywesha maji?" Akaiweka juu ya meza, akaipapasa mgongo. "Zile mashini tatu mpya za Bujumbura, amezizika zote, moja moja. Ningejua siku yake iko karibu ningemuaga."

"Acha hapo. Rudi kesho."

"Umutengeneze vizuri. Mama Generose amenikazia macho tangu asubuhi."

Alipoondoka Gaspard alichukua bisibisi. Skrubu nane. Alizifungua akijua zilipo, kwa sababu alikuwa amezifungua mara moja zamani. Mwaka ule vita ilipopita mara ya kwanza, umeme ulirudi na nguvu za kichaa, na mashini nyingi zikaungua mjini kwa saa moja. Hii ilikuwa mojawapo. Koili mbili za pembeni, zile ambazo hazizunguki, alizifunga yeye. Kile kiini cha katikati kinachozunguka, rotori, kilifungwa na Consolée. Alikuwa na mimba ya mtoto wa mwisho na alilalamika mgongo.

Gaspard alitoa koili ya kwanza. Nyeusi, imeungua. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa imekufa, basi. Akaivuta rotori, akaigusisha kwenye taa ya kupimia, akaigeuza njia kwa njia. Taa iliwaka palipotakiwa kuwaka. Haikuwaka palipotakiwa kunyamaza. Karibu miaka thelathini, mamilioni ya mizunguko, vumbi la vyumba sita, na hakuna hata njia moja iliyokatika.

Akaileta mlangoni kwenye mwanga ili aitazame vizuri, na hapo ndipo alipouona uzi.

Rotori ikizunguka, waya zake hutaka kuruka nje. Ndiyo maana fundi huzifunga kwa kamba ya pamba, kaza, pitisha, kaza, halafu vanishi juu. Mwaka ule wa vita kamba ya pamba haikuwepo dukani. Gaspard alikuwa amesahau. Consolée alikuwa amechomoa nyuzi kwenye upindo wa kitenge alichovaa, kitenge cha buluu, akazisokota pajani, akafungia. Na alikuwa na fundo lake la mara tatu, ambalo Gaspard hakuwahi kuliweza. Vanishi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Chini yake uzi ulikuwa wa buluu bado.

Alisimama pale mlangoni. Pikipiki zilipita. Jirani, Basile muuza betri, alimsalimu mara mbili.

"Weye mzee, umekuwa kiziwi?"

Gaspard aliingia ndani, akaifunga rotori katika shati lake, akaenda kuiweka katika lile sanduku tupu.

Kesho yake Émérance alirudi.

"Amekufa," Gaspard alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Tafuteni mota mpya, nitaiingiza mu mwili wake."

Émérance alishika kiuno. "Na ile ya zamani nimupelekee Mama Generose aione? Atasema nimeiuza."

"Mwambie Gaspard ameitupa. Imeungua, si ya kuangalia."

Maisha yake yote hakuwa amemdanganya mteja. Consolée asingekubali. Neno lilitoka laini tu, na hilo lilimtisha zaidi.

Mota mpya ilikuja kutoka Bujumbura baada ya siku tano, ndani ya katoni yenye picha ya mwanamke anacheka. Ilikuwa nyepesi kama pakiti ya biskuti. Gaspard alichomoa ncha ya waya akaikwaruza kwa kisu. Nje nyekundu, ndani nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Ganda lake limebanwa kiwandani, halina skrubu, na makaa yake, vile vipande vinavyosugua na kuisha, huwezi kuyabadilisha bila kulivunja. Aliyeitengeneza hakufikiria kwamba siku moja mtu atataka kuifungua. Ile ya zamani ilizunguka polepole na kwa uzito, ikapumua. Hii hukimbia mbio za kichaa ili ivute sawa na ile, na hujipoza kwa hewa ile ile chafu inayovuta. Gaspard aliyajua hayo yote. Aliikatia duara la bati, akaiwekea raba ya tairi la ndani pembeni, akaifunga, akaiwasha. Ililia kama mbu.

"Sauti gani hii?" Émérance alicheka. "Muzee amerudi mtoto."

Gaspard hakumwambia kitu kuhusu waya. Angemwambiaje, wakati shaba nzuri iko chini ya kitanda chake?

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, alizoea kufungua sanduku. Aliiweka rotori magotini akapitisha kidole gumba kwenye fundo. Hakufanya zaidi ya hapo. Alikula, alilala. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili alilala hadi asubuhi.

Siku ya kumi na moja tangu mota mpya iwashwe, Émérance alikuja kwa miguu. Hakuja na mashini. Alichuchumaa pale nyuma, mahali kilipokuwa kile kiti kifupi, akafuta uso kwa kanga.

"Imeungua, Papa. Mu chumba cha tatu, mbele ya mgeni. Moshi ikajaa, mgeni akakimbia na taulo."

Gaspard aliacha bisibisi.

"Mama Generose anasema niko na mukono mubaya. Zile tatu, Muzee, na hii. Tano. Anasema mashini haziwezi kufa tano bila muntu. Amenipokonya funguo. Amemuita binti wa dada yake afanye kazi yangu." Akakunja ncha ya kanga. "Minye sikujua niseme nini. Nikasema Papa Gaspard anajua. Papa Gaspard alimufungua Muzee, yeye atasema kama nilimuua ao hapana. Uje useme, Papa. Weye anakuheshimu."

Ziwa lilikuwa linapiga upepo wake wa mchana na bati la jina lilikuwa linagonga juu ya mlango.

"Rudi keshokutwa," Gaspard alisema.

"Keshokutwa nifanye nini? Neno ni moja tu."

"Rudi, mwanangu."

Alipokwisha kwenda Gaspard aliingia chumbani, akapiga magoti, akavuta sanduku.

Alikuwa na transfoma moja ya zamani, ya redio ya kanisa, aliyokuwa akiihifadhi. Aliifungua waya wake wote, shaba nyekundu nje na ndani. Alitengeneza kalibu ya mbao. Kila koili mizunguko mia moja na arobaini. Akaanza.

Alifika sitini na nane, akasita. Ni sitini na nane au tisa? Alifungua yote akaanza upya. Safari hii Basile alipita na salamu zake, ikampotea kwenye sabini na moja. Akafungua tena. Waya ulikuwa umeanza kuchoka kukunjwa na kukunjuliwa, na hakuwa na mwingine. Macho yalimwuma. Alikaa na waya mapajani, akatazama ule ukuta mweupe.

Halafu akaanza kwa Kirundi. Rimwe. Kabiri. Gatatu. Kane. Gatanu. Hakuwahi kukitumia kuhesabia, lakini alikuwa amekisikia miaka arobaini mgongoni kwake, na kilikuja chenyewe, na kilikuja kwa mwendo wa Consolée, na vituo pale alipokuwa akivuta pumzi. Alipofika mirongo itanu, hamsini, aliinuka bila kufikiri, akachukua kipande cha makaa kwenye mbabula, lile jiko lake la makaa, akachora mstari ukutani juu ya chokaa. Akakaa. Akaendelea. Kwenye mia, mstari wa pili. Hesabu haikumponyoka. Machozi yalimtoka hadi shingoni na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Koili ya pili ilikwenda vivyo hivyo. Alizipaka vanishi, akazikausha siku nzima kando ya mbabula. Akabadilisha rulema mbili, yaani beringi, na makaa ya mota. Rotori hakuigusa. Aliifuta vumbi tu kwa kitambaa kikavu, akairudisha mahali pake.

Émérance alipofika siku iliyopangwa alikuta mota mezani.

"Papa, hii si Muzee?"

"Ni yeye."

"Ulisema amekufa."

"Nilidanganya."

Émérance alikuwa ameimba kwaya moja na Consolée miaka mingi, na ndiye aliyemletea Gaspard ugali wiki ya kwanza baada ya kilio.

"Ulidanganya," akarudia. "Minye nimefukuzwa. Watoto wangu wananiuliza mama mbona haendi kazi. Na weye uko nayo hapa, unaiangalia?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini, Papa?"

Gaspard aliigeuza mota, akamwonyesha kwa ncha ya kisu pale ndani, bila kugusa. Émérance akainama.

"Uzi?"

"Kitenge chake. Mwaka ule wa vita. Alifunga yeye."

Émérance alibaki ameinama muda mrefu kuliko unaohitajika kuona uzi. Alipoinuka hakusema amemsamehe. Alisema, "Beba weye. Mukono wangu ni mubaya."

Walipanda pikipiki moja hadi Kimanga, Gaspard katikati, mota ya Muzee tumboni kwake.

Mama Generose aliwapokea kwenye korido. Ni mwanamke mwenye sauti, na hakuwakaribisha kukaa.

"Mama," Gaspard alisema, "hii mota haikufa. Nilisema imekufa, nikaiweka kwangu. Ile mpya nilijua haitadumu. Huyu mwanamke hana kosa. Zile tatu za kwanza nazo nilizifungua, waya wake ni wa aluminiamu. Hakuna mkono ungeziponya."

"Weye? Mzee wa kanisa? Uliiba mota yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ya kufanyia nini? Unataka kuvuta vumbi?"

Binti wa dada yake alicheka nyuma ya mlango. Gaspard aliinamisha kichwa. Émérance ndiye aliyejibu, kwa neno moja, "Ni ya Mama Consolée," halafu akaeleza lile la kitenge. Mama Generose alimjua marehemu, wote walimjua. Alitazama mota pale sakafuni, akatazama kofia ya mzee aliyoishika mikononi, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na funguo. Akampa Émérance bila kumwangalia.

"Na weye mzee," sauti yake ilikuwa imeshuka, "si ungeniomba? Chukua basi. Kata kipande kidogo cha huo uzi, ubaki nacho. Mota itakosa nini, kipande cha kidole?"

Émérance naye akasema, "Kata, Papa. Kisu unacho."

Kisu alikuwa nacho kweli, mfukoni. Alikuwa amelifikiria hilo wiki tatu.

"Haiwezekani," alisema. "Ndio unaoshika. Fundo lake ni moja, limezunguka pote. Ukikata kidogo, siku utakayoiwasha waya zote zinaruka. Kazi yake yote inakwisha."

"Basi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliitoa ile mpya iliyoungua katika mwili wa Muzee, akairudisha ya zamani, akafunga zile skrubu nane. Ya mwisho ilichukua muda, kwa sababu bisibisi iliteleza. Mama Generose aligeukia dirisha.

"Itadumu sasa?" Émérance aliuliza.

"Koili zangu, sijui. Hii ya kwake itanizika."

Émérance aliichomeka. Muzee akanguruma ile sauti yake ya chini ya zamani, na kipande cha karatasi sakafuni kikakimbilia mdomo wake. Émérance alicheka na kulia pamoja. Akaenda nayo chumba cha tatu.

Gaspard aliaga. Alikuwa amefika getini wakati umeme ulipokatika, kama kawaida ya mchana. Feni za jirani zilinyamaza papo hapo, na redio. Muzee hakunyamaza. Mota nzuri ukiikatia umeme haisimami mara moja, hujizungukia yenyewe kwa uzito wake, na Consolée alikuwa na desturi ya kuipima hivyo: zima, hesabu hadi inyamaze. Zile mpya hazifiki tano. Hii, siku waliyoimaliza mwaka ule wa vita, alihesabu ishirini na moja, akapiga makofi na tumbo lake kubwa.

Gaspard alishika nguzo ya geti. Rimwe, kabiri, gatatu. Sauti ilishuka kidogo kidogo kupitia dirisha la chumba cha tatu, ikawa pumzi, ikawa kama mtu anayekunja nguo. Kwenye kumi na tisa ikanyamaza.

Mwenye pikipiki alimwita mara ya kwanza, na mara ya pili. Mzee alikuwa bado ameshika nguzo, anasubiri mbili zilizobaki.